Halijulikani

Zarmina alikuwa na jina moja tu, kama watu wengi wa kwao Afghanistan. Karani wa wakimbizi hakulikubali. Kwenye kitambulisho, palipotakiwa jina la ukoo, aliandika: Halijulikani. Tangu siku hiyo, kila dirisha la ofisi lilimwita Bi Halijulikani.

Ndipo akaenda makaburini kuwatafuta Waafghani wa kale, wale walioletwa nchi hii ya ugenini pamoja na ngamia wao, kubeba mizigo jangwani kabla ya reli. Mawe yao yalikuwa kumi na moja. Mbele ya kila jiwe baraza la mji lilichomeka kibao: Mwafghani, jina halijulikani.

"Lakini majina yameandikwa," alimwambia mlinzi, Bwana Perrin. "Mmeyasimamisha mawe kichwa chini, miguu juu."

"Mafuriko yaliyang'oa, tukayarudisha." Perrin aliyakodolea macho yale maandishi ya herufi za Kiarabu. "Kwani yana juu na chini?"

Zarmina alijaribu kupinda shingo ayasome, ikakataa. Akamwomba radhi marehemu, akalala chali juu ya kaburi la kwanza, utosi ukigusa jiwe, akatupa macho nyuma. Herufi zikakaa sawa.

"Khudadad," alisoma.

Perrin alivua kofia, akatoa kalamu, akapiga magoti mbele ya kibao. Aliliandika jina polepole, kisha akangoja.

"Na la ukoo?" aliuliza.

Zarmina hakuinuka. Alibaki pale pale, udongo ukimwingia nywelani, mikono kifuani, kama yule aliyelala chini yake.