Maneno Sita ya Kipolandi

Andris alisema "dziękuję", asante ya Kipolandi, kwa mara ya tano asubuhi ile, na kwa mara ya tano akaikosea. Muuza mikate ya duara wa Krakow, mama mnene aliyejifunga kitambaa chekundu, akamgeukia mwenzake wa meza ya pili.

"Msikie huyu, shoga. Utadhani kajaza viazi vya moto mdomoni. Mkewe angalau anajitahidi."

"Mwache, maskini. Sura kapewa, ulimi kanyimwa."

Wakacheka. Masikio ya Andris yakaiva. Akamshika Morag mkono, akamvuta waondoke.

Safari hii ilikuwa zawadi ya Morag, mkewe: miaka ishirini ya ndoa, miji minne, siku nane. Alikata tiketi kwa siri, akamkabidhi nyumbani kwao Aberdeen, mezani, mbele ya wageni, na wageni wakapiga makofi. Zawadi iliyokwisha kupigiwa makofi mtu ataikataaje? Morag aliandika maneno sita kwenye kadi: habari, asante, tafadhali, samahani, ndiyo, hapana. "Yanatutosha," alisema. Andris hakuongeza hata moja.

"Wewe si Mlatvia, mtu wa Riga?" Morag alimtania ndani ya treni ya kwenda Wroclaw. "Hawa ni kama majirani zenu. Hata asante yao inakushinda?"

"Wangapi hawasalimiani na majirani?"

Morag alicheka. Andris hakucheka. Tangu watue uwanja wa ndege, usingizi ulimpaa. Nchi ilimbana kama kiatu cha kuazima. Hotelini alichagua kiti kinachotazama ukuta. Barabarani alishusha kofia hadi kwenye nyusi. Alitaka kitu kimoja tu: siku nane ziishe, arudi Aberdeen na mke wake, kwenye nyumba yao yenye mlango wa buluu, na mlango huo aukute kama alivyouacha.

Wroclaw alisingizia tumbo. Poznan alisingizia mgongo.

"Tuiache Szczecin," alisema. "Hakuna cha kuona kule."

"Umejuaje?"

"Nimesoma mahali."

"Mimi nimesoma mahali pengine," Morag akasema. "Tutafika Siku ya Watakatifu Wote. Nchi nzima inawasha mishumaa makaburini. Hicho ndicho kilichonileta, Andris. Ukininyima hicho, nitanuna mpaka Krismasi."

Wakapanda treni. Mbele yao waliketi mzee na bibi yake, kila mmoja na yai la kuchemsha mkononi.

"Huyu jamaa anaogopa kitu," mzee akasema, akitafuna. "Hebu yatazame hayo magoti."

"Si kila anayetetemeka ana kesi, Zenon. Pengine kabanwa na haja tu. Kula yai lako."

Andris akayabana magoti yake kwa mikono miwili, akageukia dirishani. Nje, mashamba yaliyokwisha kuvunwa yalikimbia kuelekea walikotoka.

Saa tisa alasiri, Szczecin, umati uliwachukua tangu kituo cha tramu. Familia nzima nzima, mikono imejaa maua na kandili za kioo. Langoni pa makaburi watu walibanana bega kwa bega. Ungetaka kurudi nyuma, ungepita juu ya vichwa. Andris alijaribu. Mwanamume mmoja akamrudisha kwa kiwiko: "Njia moja, bwana. Wafu hawana haraka, na wewe tulia."

Morag alikuwa amenunua kandili nyekundu. Alijua desturi: kaburi lisilo na taa, mpita njia huliwashia.

"Tutafute la mtu aliyesahauliwa," alisema.

Andris alimvuta kushoto. Morag akakata kulia, kwenye pembe ya mabaharia ambao bahari haikuwarudisha: mawe yamesimama, chini yake hamna mtu. Mawe yote yalikuwa yakiwaka, isipokuwa moja.

"Wie-sław," Morag akasoma kwa shida. "Maskini. Hata mshumaa mmoja hana."

Alipiga kiberiti. Upepo ukauzima. Akapiga cha pili, cha tatu.

"Andris, umesimama tu? Nisaidie."

Andris akapiga goti. Akafagia majani kwa kiganja kitupu, akaokota kijiti, akakitumbukiza kwenye kandili ya kaburi la jirani, akakitoa kinawaka huku amekikinga kwa koti, akawasha, akafunika kifuniko, akaisogeza kandili nyuma ya jiwe upande usiofikiwa na upepo. Yote kwa pumzi moja. Aliponyanyua kichwa, bibi kizee alikuwa amesimama mbele yake, ndoo mkono mmoja, brashi mkono wa pili.

"Mmenitangulia," bibi akasema. "Basi lilijaa, na miguu hii nayo ina maneno yake." Akaitazama kandili na mahali ilipowekwa. Akaitazama mikono ya Andris. Kisha uso.

Morag akatoa salamu yake ya kwenye kadi, akanyoosha kidole kwenye jiwe, akauliza kwa macho. Bibi akaweka ndoo chini. Akakunja mikono kama anayebembeleza mtoto mchanga. Akapunga kiganja, mawimbi. Kisha akaukunjua mkono, mtupu.

Machozi yakamtoka Morag. Akamkumbatia.

"Mwambie pole, Andris. Mwambie chochote."

Andris akaishusha kofia hadi kwenye nyusi.

Bibi akajinasua taratibu. Akamsogelea Andris, akaanza kumfunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni, huku akitabasamu na kuongea Kipolandi polepole, kama mtu anayeshukuru wageni.

"Mkeo ana moyo mzuri, Wiesław. Mchukue mwende zenu, mwanangu, kabla dada yako hajarudi na maji."