Chumba cha Pembeni

Chumba cha pembeni kilikuwa na mtu, na mtu huyo hakuonyesha dalili yoyote ya kuhama.

"Vile vitatu vingine nitavipaka rangi taratibu," muuguzi alimwambia dalali. "Hiki ndicho ninachokitaka wazi."

"Hiki kina mzee wa watu, dada. Mwaka wa pili huu. Hana kelele, hana wageni. Anashona viatu vyake huko barabarani, akirudi anajifungia."

"Mpe notisi ya mwezi mmoja."

Dalali alimkodolea macho. Nyumba haijamaliza hata miezi miwili mikononi mwa muuguzi huyu, vyumba vinne vya kupangisha chini ya bati lililochakaa, na tayari dada mpole wa hospitali anatoa amri kama mwenye mtaa mzima! Lakini dalali ni mtu wa kamisheni, si mtu wa mahubiri. Alifungua daftari lake, ambalo halikuwa na jina la mpangaji hata mmoja, namba za vyumba na za simu tu, akaandika.

Muuguzi hakuwa na roho mbaya. Chumba kile kilikuwa na dirisha pana na jua la asubuhi, na bomba la maji liko hatua tatu kutoka mlangoni. Alikitaka kwa ajili ya baba yake.

Miaka miwili nyuma, baba, karani mstaafu, aliuza nyumba yake ya pekee akamkabidhi binti yake fedha yote. "Anza nayo," alimwambia. "Ongezea kidogo kidogo, utafute nyumba ya kupangisha. Mshahara wa hospitali utakuzeesha bure." Yeye mwenyewe akasema anahamia shamba, kwa mdogo wake. Tangu siku hiyo muuguzi alikula lakini hakushiba. Alikuwa akimwona baba yake, mtu aliyezoea kufungua milango yake mwenyewe, akiomba ruhusa ya kuchemsha maji jikoni kwa watu. Mara ngapi alitaka kwenda kumtembelea! Kila mara baba alimzuia: njia mbaya, mvua, subiri kidogo.

Siku hati za nyumba zilipotoka, alimpigia simu wakati wa mapumziko ya mchana, amejibanza kwenye stoo ya mashuka.

"Baba, tumepata! Nyumba ya vyumba vinne, ile yenye geti la kijani nyuma ya kiwanda cha magodoro. Ni yetu!"

Muuguzi alimsikia baba akivuta kamasi, akajua kwamba analia, naye machozi yakamlengalenga kwa furaha.

"Hongera, mama," baba alisema. "Hongera sana."

"Ila nishauri. Kuna mpangaji mmoja, chumba cha pembeni. Nataka atoke, nakihitaji kile chumba. Lakini ni mtu mzima kama wewe, roho inaniuma."

Alitamani kumwambia sababu, ulimi ukamwasha, akajizuia. Alitaka siku ya kuhamia baba ashuke tu kwenye gari na mizigo yake, akabidhiwe ufunguo, ashangae mwenyewe.

"Mwandikie notisi," baba alisema. "Ukiingiza huruma kwenye kazi hii, utaishia kuiuza hiyo nyumba. Na usiende kuonana naye. Mambo hayo mwachie dalali."

"Haya, baba. Baba mdogo yupo nimsalimie?"

"Ametoka."

Wiki mbili baada ya notisi muuguzi alishindwa kufuata ushauri huo. Alikwenda akagonga mlango wa chumba cha pembeni. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi mwenye nyumba. Naomba unisamehe, nina sababu ya maana. Si kwamba nakuchukia."

Alisikia kitu kama kiti kikisogezwa, basi. Alisimama pale akijiona mnyama, kisha akaondoka.

Mwezi haujaisha, dalali akampigia: chumba ki wazi. Muuguzi alifika na ufagio na ndoo, akakuta hakuna cha kufagia. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Bawaba ya dirisha, ambayo mwenye nyumba wa zamani aliitelekeza miaka yote, ilikuwa imefungwa skrubu mpya. Muuguzi aliketi sakafuni, akalia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi hata kumwona uso.

"Amekwenda wapi?"

"Hakusema. Nilimuuliza mara mbili," dalali alijibu, naye leo hakuwa na utani. "Alibeba begi moja na sanduku la vifaa. Kasema nikusalimie sana. Kasema hana kinyongo na wewe hata kidogo."

Jambo hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angetukanwa.

Mchana ule kitanda kipya kililetwa, na godoro, na mapazia. Muuguzi alitandika mwenyewe, akakunja kona za shuka kama wodini. Kesho angempigia baba amwambie afungashe vitu vyake.

"Kuna amana yake ya mwezi mmoja," dalali alikumbuka akiwa mlangoni. "Nilitaka kumrudishia akakataa. Kasema ununulie rangi."

"Hapana. Fedha ya mzee yule siwezi kuila. Nisomee namba yake, nimtumie sasa hivi."

Dalali alilamba kidole, akafunua daftari, akasoma tarakimu moja moja. Muuguzi akaziandika kwenye simu yake. Alipobonyeza ya mwisho, namba ikapotea na mahali pake likatokea neno moja: Baba.