Waya wa Shaba

Beishen alifunua kifuniko cha injini, akainama.

Boti aliyokuja kuinunua ilikuwa imelala kibandani miaka kumi na mmoja, imefunikwa mablanketi ya sufu yanayonuka kondoo. Mjane alisimama mlangoni na bakuli la chai.

"Kague vizuri, kaka. Sitaki kesho uje kunipigia kelele hapa."

Kwenye swichi, mahali pa kuchomeka ile kamba anayojifunga dereva mkononi ili akitupwa majini injini izime, palifungwa waya wa shaba ili injini iwake bila kamba. Umezungushwa mara saba, ncha imekunjiwa ndani isichane vidole. Ulikuwa umeota kutu ya kijani, lakini mkono uliokunja vile Beishen aliujua. Ulikuwa wake. Enzi zake za ufundi pale mjini Balykchy aliwafungia wengi. "Kamba ni ya watalii," alikuwa akiwaambia, nao wanacheka.

"Tulimwona mume wangu kutoka ufukweni," mjane alisema. "Alianguka, boti ikabaki inazunguka peke yake. Kila akiifikia, inamponyoka. Na maji ya ziwa letu, Issyk-Kul, unayajua yalivyo baridi."

Beishen akaufunika waya kwa kidole gumba.

"Umeona kitu?"

"Hamna kitu, dada. Injini nzima kabisa. Naichukua."

Mjane akaliweka bakuli chini, polepole, chai isimwagike.

"Wamekuja watu watatu kabla yako," alisema. "Wote, kitu cha kwanza, walinionyesha huo waya."