Uzio wa Michongoma

"Nataka uzio ambao hata kuku hapenyi," mume wangu aliwaambia wenzetu wa chama cha bustani. "Nyumba nzima, pande zote."

Basi wakachangamka, kila mtu na uzoefu wake! Fundi cherehani alisema yeye michongoma yake aliipanda mistari miwili, miiba ikashikana kama vidole. Mwalimu mstaafu akadakia, "Ikate ncha ingali michanga, shemeji. Itanenepa mpaka chini."

Mimi nilikuwa nahangaika na mwiba kiganjani, wa miche tuliyoipakia asubuhi. Kuku hatufugi. Mwizi hajawahi kutujia.

"Na lango utaacha upande gani?" aliuliza bibi anayelima mawaridi.

Mume wangu aliweka mkono juu ya goti langu. "Lango moja tu, bibi. Na ufunguo ninao mimi."

Wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alikitazama kiganja changu, akatoa kikapuni mkasi wake wa kupogolea, akautia kwenye mkoba wangu mbele ya wote.

"Mkasi wako huu, mwanangu, ule ulioniazima. Nimechelewa kuurudisha."

Maishani mwangu sijawahi kuwa na mkasi wa bustani.

"Hujachelewa, bibi," nikamjibu.