Mikono ya Aliyefunga

Sheria ilikuwa hii: muuguzi akimfunga mgonjwa kitandani, bangili aliyovishwa kazini humlegeza naye mikono mpaka mgonjwa afunguliwe. Wakesho, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili, alifika nyumbani mikono ikining'inia. Bintiye Mghoi akalia abebwe, mama asiweze kumbeba. Mumewe akamlisha ugali.

"Utazoea, mama Mghoi. Wenzako wamezoea."

"Ndicho ninachoogopa. Nirudishe wodini."

Wodini aliketi kando ya Righa, mgonjwa kijana aliyemfunga asubuhi, akamsikiliza mpaka hofu yake ikapungua. Kisha akamwita mlinzi amfungue. Mikono ya wote wawili ikawa huru.

"Siku nyingine tutaongea kwanza," alimwahidi.

Kwenye korido, wauguzi wenzake walikuwa wakinywa chai kwa mirija, mikono imelegea, wakicheka. Wakesho akavuta kiti, akaanza kumwuliza mmoja mmoja amemfunga nani.