Sikio la Bwana Muriuki

"Rudia, mzee. Lakini safari hii funga mlango!"

Kishore akaufunga mlango wa stoo, akakaa juu ya spika kuukuu, akalipakata gitaa na kuanza upya. Dukani, upande wa pili, mteja alikuwa amebandika sikio ukutani na kufumba macho kama mtu anayeungama.

Kwa miaka ishirini na sita Kishore ameuza vyombo vya muziki mjini Kisumu, na hakuna mteja aliyewahi kumwomba jambo kama hilo. Wengine huingia, wakakwaruza nyimbo mbili za kanisani, kisha wakauliza kama bei inashuka. Huyu hakutaka hata kuligusa gitaa. "Piga wewe," alisema. "Mimi kazi yangu ni kusikiliza."

Hapo Kishore akajua amempata fundi. Kama kuna jambo alilojivunia duniani, ni kumtambua fundi kwa kumtazama tu.

Mteja huyo aliitwa Muriuki, muuza viazi wa jumla sokoni Kibuye. Alikuwa amekuja asubuhi hiyo, macho mekundu, akitafuta nyuzi za kupoza gitaa lenye sauti kali.

"Kali namna gani?" Kishore aliuliza.

"Kama kijiko kinachokwaruza sufuria. Linaanza saa kumi na moja alfajiri, na mpaka saa moja meno yote yananiuma."

Saa mbili kila siku, kabla watu hawajanywa chai! Kishore alimgeukia binti yake Sejal, aliyekuwa akipanga filimbi kwenye kabati, akamkonyeza: unaona mazoezi hayo?

"Ni gitaa la mbao gani, bwana?"

"Mbao sijui. Sauti ndiyo naijua."

Kishore aliinamisha kichwa kwa heshima. Wanaojifunza husumbuka na mbao. Mabingwa husumbuka na sauti.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa Naswa wa Kondele, gitaa lake likiwa mgongoni. Yeye hakuja kununua. Jioni hiyo Tejinder, mwenye kiwanda cha mabati, alikuwa akiwafanyia wazazi wake sherehe ya miaka hamsini ya ndoa katika hoteli moja kando ya ziwa, na Kishore ndiye aliyeahidi kuleta mpiga gitaa. Kwa miaka sita, kila alipoombwa mpiga gitaa, Kishore alimpeleka Naswa. Sasa alikuwa amemchoka kama mtu anavyovichoka viatu visivyomuumiza.

Nyuzi za kwanza, za shaba ngumu, zilimfanya Muriuki akunje uso. "Ndizo zenyewe hizo! Ndizo zinazoniua!" Za pili, za shaba nyekundu, alisema ni afadhali. Kishore akatoka stoo, akafungua droo ya chini kabisa, akatoa pakiti yenye vumbi: nyuzi laini, zilizosokotwa na hariri ndani yake. Akazifunga moja baada ya nyingine, akarudi stoo, akafunga mlango, akapiga wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mzee," Muriuki aliita, "umeshaanza?"

"Nimemaliza!"

"Basi nifungie hizo hizo."

Kishore alitoka akiwa na machozi ya furaha. Naswa alicheka.

"Mzee, nyuzi hizo hazisikiki hata na mtu wa meza ya pili. Huko ukumbini zitafanya nini?"

"Wewe umezoea kelele, Naswa. Huyu bwana anatafuta utulivu."

"Kweli kabisa," Muriuki alisema, tena kwa uchungu. "Utulivu tu."

Hapo Kishore akakata shauri. "Naswa, leo pumzika. Kwa Tejinder nampeleka Bwana Muriuki."

Naswa alisimama polepole. Muriuki hakusikia neno. Alikuwa ameinama kwenye kaunta akisoma maandishi ya pakiti kama mtu anayesoma dawa ya mtoto.

"Baba Sejal, huyu hujamsikia akipiga hata mara moja."

"Chema chajiuza," Kishore alimjibu. "Kibaya chajitembeza."

Naswa akavuta mkanda wa gitaa begani, akatoka. Hakuubamiza mlango, na hilo lilimuudhi Kishore zaidi.

Sejal akamsogelea baba yake. "Vidole vyake umeviona? Laini kama mkate. Hana sugu hata moja."

"Ndiyo ujue anazigusa nyuzi kwa upole," Kishore alisema, huku akibonyeza namba ya Tejinder. "Halo, ndugu yangu! Yule wa zamani msahau. Nakuletea bingwa. Ndiyo, watangazie wageni! Muriuki. M-u-r-i... Utanishukuru mpaka uzeeni."

Akazifungua nyuzi zile kwenye gitaa, akazirudisha kwenye pakiti, akaifunga kwa karatasi ya zawadi. Muriuki alipoingiza mkono mfukoni, Kishore akamzuia.

"Sichukui hata senti kwako, bwana. Nifanyie heshima moja tu. Saa kumi na moja jioni gari langu litakuja kukuchukua."

"Linipeleke wapi?"

"Hotelini. Watu mia mbili wanakungoja uwapigie gitaa."

Muriuki alimtazama Kishore, akamtazama Sejal, akaibana zawadi yake kwapani asije akanyang'anywa.

"Mimi? Mzee, mimi tangu nizaliwe sijashika gitaa. Anayepiga ni mwenye nyumba wangu, ng'ambo ya ukuta. Nyuzi hizi nampelekea yeye, maana nikimwambia anyamaze atanifukuza."