Kuku wa Tiketi ya Mwisho

"Mwachie huyo kuku, Mama Goodness!"

"Simwachii!" Esnath alikuwa amemkamata kuku kwa mabawa, katikati ya uwanja. "Kuku huyu ni wa kwako, mwenyekiti. Mdogo wako Rabson ndiye anayemlisha kila asubuhi. Mnafikiri hatuoni?"

Wanachama waliozunguka uwanja waliguna. Mwenyekiti Vitus alitikisa kichwa.

Tawi la mashabiki la Uyole lilikuwa limeletewa tiketi tatu tu za fainali. Mbili walipewa wazee waanzilishi, hakuna aliyebisha. Ya tatu iligombewa na Esnath, jirani yake Tupokigwe, na Rabson. Kura ya karatasi walishaikataa, tangu siku karatasi ya mtu mmoja ilipokutwa imekunjwa kwa alama. Sasa wanatumia kuku. Kila mgombea anamwaga rundo lake la mahindi, kuku anaachiwa, na rundo atakalodonoa kwanza ndilo lenye tiketi. Binadamu anahongwa, walisema, kuku hahongwi.

Lakini kuku wa mwenyekiti?

Esnath aliitaka tiketi ile kuliko alivyokuwa tayari kusema. Tangu usichana ameifuata timu yake redioni, mikono ikiwa kwenye unga wa maandazi. Fainali zote zilichezwa mbali. Safari hii ilikuwa Iringa, basi moja tu na umefika. Akiikosa hii, basi tena.

"Alikuwa anakuja kwako huyo," Vitus alisema. "Ungemwacha kidogo tu."

"Hizo hadithi kamsimulie mkeo."

Tupokigwe akaingia katikati yao, kopo lake la mahindi mkononi. "Mwe, jamani, tusivunjiane heshima. Twende sokoni kwa Nyamizi, tuchukue kuku asiyejuana na mtu. Yule mama katoka Usangu juzi juzi, hapa hana shemeji wala mjomba."

Esnath alimtazama kwa shukrani. Angalau alikuwepo mmoja anayejali haki.

Sokoni, Tupokigwe alionyesha kwa kidole. "Tupe yule mwekundu. Anaonekana mpole."

Esnath alimbeba mwenyewe ili mkono wa Vitus usimguse. Njia nzima kuku alitutumua manyoya na kulialia, ko, ko, ko.

"Woga huo," Tupokigwe alisema.

Marundo yakamwagwa upya. Nyamizi, ambaye alikuwa amewafuata kumwangalia kuku wake, ndiye aliyeombwa kumwachia. Esnath akajipanga mbele ya Vitus na Rabson, macho kwenye mikono yao.

"Unatulinda kama wezi," Rabson alilalamika.

"Kama si wezi, unaogopa nini?"

Nyuma yake, Tupokigwe alikuwa anakung'uta kopo kumalizia punje za mwisho. Kwa, kwa, kwa. Esnath hakugeuka. Aliona kidole cha Vitus kikicheza, akakikazia macho mpaka kikatulia.

Kuku akaachiwa. Hakuhangaika hata kidogo. Alinyoosha shingo, akakimbia moja kwa moja kwenye rundo la Tupokigwe.

Vigelegele vikapigwa. Vitus alimkabidhi mshindi tiketi yake palepale, kisha akageuka. "Umeridhika, Mama Goodness?"

"Nimeridhika." Alitaka haki, kaipata.

"Kuku nitamlipia mimi," Tupokigwe alisema, tiketi ikiwa imeshazama kifuani. "Achinjwe sasa hivi, tule wote, ugomvi wetu uishie kwenye sufuria." Alihakikisha kisu kimepita, ndipo akaaga kwenda kufungasha. Basi lilikuwa la alfajiri.

Esnath ndiye aliyemnyonyoa. Tumboni kuku hakuwa na manyoya, ngozi tupu.

"Nyamizi, huyu kapatwa na nini?"

"Hata sijui, dada. Nimeletewa leo leo asubuhi."

Esnath akamtupia Vitus jicho. Vitus alikuwa anachochea moto, wala hana habari.

Mchuzi ulipoiva, firigisi iliwekwa pembeni. Firigisi ni ya mshindi, na Esnath hakutaka ionekane kwamba ana kinyongo. Aliipakua kwenye bakuli, akaifunika kwa kifuniko cha bati, akavuka barabara kuipeleka mwenyewe.

Mlango wa Tupokigwe ulikuwa umefungwa. Ndani alisikika akiimba nyimbo za timu.

"Hodi!"

Wimbo uliendelea. Esnath akachukua kijiko, akagonga kifuniko. Kwa, kwa, kwa.

Vifaranga wakachomoka mbio kutoka nyuma ya nyumba, wekundu, wadogo kama ngumi ya mtoto. Walimzunguka miguuni wakilia, wakitafuta. Esnath akazunguka nyuma ya nyumba. Palikuwa na tenga lililoachwa wazi na maganda ya mayai juu ya manyoya mekundu ya kuku. Mama yao hakuwepo.

"Nani huyo?" Tupokigwe aliuliza kutoka ndani.

Esnath aliiweka firigisi kizingitini, akawazoa vifaranga wote kwenye kitenge chake, akarudi nao tawini, ambako watu walikuwa bado wanalamba vidole.